Walianzishaje kanisa na hata ruhusa ya kutembea hawana? Jibu kuhusu Wabaptisti wa Savannah

Marahaba mwanangu. Swali lako nalirudia kwa ufupi ili na wengine wajue tunaongea nini. Umesema kanisani kwenu Mbeya mmefundishwa kwamba Ubaptisti ulifika kwetu na wamishenari wa Kimarekani mwaka 1956, sasa umesikia kuna kanisa la Baptisti la watu weusi pale mjini Savannah, jimbo la Georgia, lililoanzishwa na watumwa toka miaka ya 1700 huko, na unauliza mambo matatu: je ni kweli, walianzishaje wakati mtumwa hata kutoka shambani lazima awe na karatasi, na mwaka upi ndo sahihi maana ukisoma huku unakuta 1773, huku 1777, kule 1788. Unataka kuyaweka kwenye somo la vijana.

Ni kweli, na nafurahi umeuliza, manake hii habari nimeifundisha miaka mingi na bado kila nikiifikia sehemu ya Andrew Bryan sauti inanibadilika.

Kabla sijaenda kwenye majina na miaka, kuna kitu kimoja lazima ukishike au habari yote haitaeleweka, nacho ni kwamba Wabaptisti hawana askofu. Unajua hili wewe kwa kuwa ni Mbaptisti, lakini huenda hujawahi kulitazama kwa macho ya mtumwa. Kwa Waanglikana wa wakati ule ili kuwe na kanisa ilibidi kuwe na kasisi aliyesoma, aliyewekewa mikono na askofu, na askofu mwenyewe yuko Uingereza ng'ambo ya bahari. Kwa Wabaptisti inatakiwa watu waliookoka, waliobatizwa kwa kuzamishwa kwenye maji mengi, wamepatana kuishi pamoja kama kanisa, basi, hao washirika wenyewe wanamchagua nani awahubirie. Haihitaji chuo wala jengo wala pesa. Mtu asiyemiliki chochote, hata mwili wake si wake kisheria, bado anaweza kuwa na ushuhuda, na kanisa la Kibaptisti linaanza na ushuhuda. Ndio maana uhamsho ulipopita kusini mwa Marekani karne ile ya 18 watu weusi waliitikia wahubiri wa Kibaptisti kwa wingi, kulikuwa na mlango pale ambao kwingine haukuwepo.

Sasa watu wenyewe. Wa kwanza anaitwa George Liele. Alizaliwa utumwani Virginia karibu na 1750, akahamishiwa Georgia na tajiri wake aliyeitwa Henry Sharp. Huyu Sharp alikuwa shemasi kwenye kanisa la Baptisti la wazungu, na mchungaji pale alikuwa Matthew Moore. Liele alienda kusikiliza mahubiri ya Moore mwaka 1773 hivi, moyo ukamchoma, akaokoka, akabatizwa, halafu akaanza kuwaeleza watumwa wenzake maana ya nyimbo na maandiko, kanisa likamsikia na kuona huyu kijana ana karama, likampa kibali cha kuhubiri. Akawa anashuka na mto Savannah shamba kwa shamba anahubiri. Baadae Sharp akampa uhuru wake ili afanye kazi ya Mungu bila kizuizi.

Moja ya sehemu alizopita ni Silver Bluff, upande wa Carolina Kusini wa mto huohuo, kama kilomita 20 hivi chini ya mji wa Augusta (shika huu mji, ntaurudia). Pale palikuwa na mfanyabiashara mkubwa George Galphin, na kati ya watumwa wake alikuwepo David George, mtu aliyewahi kutoroka kwa tajiri katili kule Virginia akaishi na Wahindi Wekundu kabla hajafika kwa Galphin. David George ameacha maelezo yake mwenyewe, kwa hiyo hapa hatubahatishi. Anasema alimsikia Liele akihubiri "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha", na mahubiri yalipoisha akamfuata akamwambia, mimi ndiye huyo aliyelemewa. Fikiria neno hilo lilivyoingia kwa mtu ambaye mizigo anabeba kweli, begani, kila siku.

Halafu akaja mhubiri mzungu kutoka kaskazini, Wait Palmer, akawasikiliza ushuhuda wao Jumamosi jioni, na kesho yake Jumapili akawabatiza kwenye kijito cha kinu cha kusagia nafaka, watu nane. Akawapa Meza ya Bwana, wakawa kanisa. Vita vya uhuru wa Marekani vilipokaribia, wahubiri wa nje wakakatazwa kuja mashambani, ikiogopwa kwamba watawaelimisha watumwa mambo mengi mno, hapo ndo David George akabaki peke yake kuwahubiria wenzake, na kusoma alikuwa hajui. Alifanyaje? Galphin alikuwa na mwalimu wa kuwafundisha watoto wa kizungu, basi David George akajipatia kitabu cha kujifunzia herufi akawa anawafuata wale watoto, wanamfundisha kipande, anakwenda zake anakikariri, anarudi anawauliza, nimepatia? Mtu mzima, baba wa familia, mchungaji wa watu, anawauliza watoto wadogo kama a-e-i-o-u yake imekaa sawa, mpaka akaweza kusoma Biblia mwenyewe. Kanisa likakua kutoka wale nane mpaka thelathini na zaidi. Hii ilikuwa kati ya 1773 na 1775, ndio maana wengi wanasema Silver Bluff ni kati ya makanisa ya kwanza kabisa ya watu weusi Marekani. Wapo pia wanaoitaja Bluestone, kule Virginia, kwenye shamba la William Byrd, 1758. Mi sipendi sana kugombania nani wa kwanza, lakini unaona mwenyewe kwamba moto uliwaka sehemu nyingi kwa wakati mmoja.

Vita vikaja. Desemba 1778 jeshi la Waingereza likauteka mji wa Savannah, na Waingereza walikuwa wanaahidi uhuru kwa watumwa wa waasi (yaani Wamarekani waliopigania uhuru) watakaokimbilia kwao, kwa hiyo watu wakamiminika mjini toka mashambani. Galphin alikuwa upande wa waasi, akakimbia, watu wake zaidi ya hamsini wakaenda kwa Waingereza, David George akiwemo. Liele nae alikuwa huko huko Savannah. Tajiri wake wa zamani Sharp alipigana upande wa mfalme akauawa vitani, na warithi wakaja juu kwamba Liele ni mali yao, uhuru aliopewa hawautambui, akatupwa jela mpaka akaonyesha karatasi zake akatoka. Katika hiyo miaka mitatu na nusu ya Waingereza Savannah, Liele alikuwa anawahubiria watu weusi wa mjini waziwazi. Kanisa la First African Baptist la leo linahesabu mwanzo wake kutoka huduma hii ya Liele, 1773 alipoanza na Desemba 1777 kama tarehe ya washirika kukusanyika rasmi kuwa kanisa.

Julai 1782 Waingereza wakaondoka Savannah. Liele akajua akibaki atarudishwa utumwani, akajifunga kwa deni kwa afisa mmoja, Kanali Kirkland, ili apate njia ya kwenda Jamaica. Meli yao ikakwama pale Tybee, mdomoni mwa mto, ikisubiri hali ya hewa. Ndipo Liele akapanda tena mjini akawabatiza watu wanne, Andrew Bryan, Hannah mkewe Andrew, na akina mama wawili, Kate Hogg na Hagar Simpson. Akarudi melini akaenda zake, na Georgia hakurudi tena.

Nakaa kidogo hapa kwa sababu vijana wako lazima waione hii picha. Mji uko katikati ya kubadilisha utawala, kila mwenye uwezo wa kuondoka anaondoka, meli imejaa, mchungaji anaokoa maisha yake na ya familia yake, na hali ya hewa ikampa siku chache na hizo siku chache akazitumia mtoni. Watatu kati ya hao wanne ni wanawake. Kwenye mabango ya historia tunaandika wachungaji tu, Liele, Bryan, lakini ukihesabu vichwa vya walioachiwa kanisa siku ile, Hannah, Kate na Hagar ndio wengi.

Andrew Bryan alizaliwa 1737 Goose Creek, Carolina Kusini, kwa hiyo alipobatizwa alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa mtumwa wa Jonathan Bryan, tajiri mkubwa wa mpunga mwenye shamba la Brampton, kama kilomita tano nje ya mji. Miezi tisa hivi baada ya Liele kuondoka akaanza kuhubiri. Mzungu mmoja, Edward Davis, akawaruhusu wajenge kibanda kwenye ardhi yake pale Yamacraw pembeni mwa mji, wakajenga, wakaanza kusali.

Hapa najibu swali lako la pili, walipataje nafasi. Kwenye mashamba ya mpunga ya pwani ya Georgia na Carolina kazi ilienda kwa ngwe. Mtu anapimiwa ngwe yake, mara nyingi robo eka, akiimaliza muda uliobaki anautumia kwa mambo yake, analima kibustani, anafuga kuku, anavua samaki, anauza mjini. Ilikuwa kazi ya kuua, usije ukadhani ilikuwa nafuu, maji ya mpunga yana malaria na jua halina huruma, ila ule mwanya wa jioni na Jumapili ndio uliojenga kanisa. Sadaka zilitoka kwenye mayai na mboga. Na watumwa wa mjini, wapishi, makuli wa bandarini, mafundi, walikuwa na mizunguko kidogo zaidi. Lakini ili utoke lazima uwe na karatasi ya tajiri wako, na usiku kulikuwa na doria za wazungu, chukulia kama sungusungu lakini kazi yao moja tu, kukamata watu weusi walioko barabarani bila karatasi na kuwachapa.

Na hapo ndo matatizo yakaja. Wazungu wa Savannah walikuwa wametoka kuona watumwa wao wakikimbia na Waingereza kwa maelfu, kwa hiyo wakiona watu weusi wamejikusanya wanaongea kwa siri, mawazo yao moja kwa moja ni maasi. Kibanda cha Yamacraw wakafukuzwa. Washirika wakaanza kukutana kwenye vinamasi. Wakakamatwa. Watu kama hamsini walichapwa viboko, na Andrew na ndugu yake Sampson wakachapwa vibaya zaidi ya wote, Andrew damu ikawa inatiririka mpaka chini, na katikati ya hayo akainua mkono wake akawaambia waliokuwa wanampiga kwamba anafurahi si kuchapwa tu, hata kufa yuko radhi kwa ajili ya Yesu Kristo. Wakafungwa, nyumba yao ya ibada ikachukuliwa.

Jonathan Bryan akaingilia kati, ni mali yake hao kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine alikuwa mtu aliyeguswa na injili toka zamani, yote mawili yalikuwepo na mi sioni sababu ya kuficha moja. Kesi ikafika kwa jaji mkuu Henry Osborne, akawaachia, akasema wanaruhusiwa kuabudu kati ya kuchomoza kwa jua na kuzama. Jonathan Bryan akawapa banda la nafaka pale Brampton wafanye kanisa. Hata baada ya hapo walikuwa wanaviziwa. Kuna habari iliyohifadhiwa toka wakati ule kwamba mtu mmoja alijibanza asikilize siri zao, akitegemea kusikia mipango ya fujo, akamkuta Andrew anawaombea kwa jina watu waliomchapa. Habari ikasambaa mjini na kelele zikapungua.

Sasa Januari 1788. Mchungaji mzungu wa Baptisti, Abraham Marshall, akaja Savannah pamoja na Jesse Peter, mhubiri mweusi aliyetoka kwenye lile kanisa la Silver Bluff, ona mto unavyorudi kwenye chanzo. Marshall akawasikiliza washirika ushuhuda wao, akabatiza wengine 45, na tarehe 20 Januari 1788 Andrew Bryan akawekewa mikono kuwa mchungaji, na cheti kikaandikwa kwamba hili ni kanisa. Hao washirika kwenye cheti wameitwa Waethiopia, yaani watu weusi, ndivyo walivyopenda kuandika zamani zile. Kufikia 1790 kulikuwa na washirika kamili 225, na wengine wapatao 350 walioamini lakini wengi wao matajiri zao wamekataa wasibatizwe. Hiyo namba ya pili iangalie vizuri. Mtu ameamini, ushuhuda anao, na anayeamua kama ataingia majini ni mtu mwingine.

Jonathan Bryan alifariki mwaka huohuo 1788, na Andrew akanunua uhuru wake kwa warithi kwa pauni 50, akanunua na wa mkewe. Kisha kikapatikana kiwanja Yamacraw, na 1794 wakamaliza kanisa la mbao. Kiwanja hicho mpaka leo kipo mikononi mwao, kinahesabika kati ya ardhi za zamani kabisa zinazomilikiwa na watu weusi Marekani bila kukatika. Kufikia mwaka 1800 washirika walikuwa kama 700, kanisa limefurika, wakatoa kanisa la pili 1802 na jingine upande wa mto Ogeechee 1803. Miaka kumi na tano tu kutoka kwenye banda la nafaka.

Kuna jambo moja gumu lazima nikwambie kwa sababu ukimsimulia Andrew Bryan nusu nusu kijana mmoja atalikuta mbele ya safari na ataona ulimdanganya. Desemba 1800 Bryan alimwandikia barua mchungaji John Rippon wa London, ambaye alikuwa anachapisha habari za Wabaptisti wa kila mahali, na ni kwa sababu ya machapisho ya Rippon ndo tuna haya yote ninayokusimulia. Kwenye barua Bryan anamshukuru Mungu kwa alichonacho, anataja nyumba mjini, ekari 56 nje ya mji, na watumwa wanane. Ndio, watumwa wanane. Anaandika kwamba anawatunza na kuwaelimisha. Watu wameeleza mengi, kwamba wengine weusi huru walinunua ndugu zao ili wasiuzwe mbali kwa kuwa kuwaachia huru kisheria ilikuwa ngumu, na hilo lilitokea kweli sehemu nyingi, lakini barua yenyewe haisemi hivyo na mi siwezi kumsemea. Mgongo uliochapwa kwa ajili ya injili na mkono ulioandika watumwa wanane ni wa mtu mmoja. Kwenye somo lako litaje, liache lilivyo, usilipambe na usilikimbie.

Bryan alifariki Oktoba 1812, akamrithi mpwa wake Andrew Marshall. Ya baadae nayapitia haraka maana hukuyauliza, ila yanahusu swali la mwaka. 1832 kanisa likagombana, Andrew Marshall alilaumiwa kwa kuelekea mafundisho ya Alexander Campbell, mhubiri aliyejitenga na Wabaptisti, wakagawanyika, kundi kubwa likaenda na Marshall kwenye jengo la Franklin Square, watu 155 wakabaki kwenye kiwanja cha zamani Yamacraw. Waliohama ndio First African Baptist wa leo, waliobaki ni First Bryan Baptist, na wote wawili wanasema sisi ndio lile kanisa. Ukifika Franklin Square jengo unaloliona lilikamilika 1859, washirika walilijenga wenyewe, wengi bado watumwa, usiku baada ya kazi ya mchana. Kwenye sakafu ya chini kuna matundu yaliyotobolewa kwa mpangilio wa almasi, na kanisa linasimulia kwamba yalikuwa matundu ya hewa kwa watoro waliofichwa chini, wengine wanaona ule mchoro ni alama ya watu wa Kongo. Kongo ya pwani ya Atlantiki hiyo, bila shaka watu wake wengi waliuzwa Savannah na Charleston.

Haya, mwaka. Mi nakupa msimamo wangu na sababu. 1788 ni mwaka wa cheti na kuwekewa mikono, hauna ubishi. 1773 na 1777 ni miaka ya huduma ya Liele. Mimi binafsi nimelelewa kwenye kanisa ambalo wazee wetu walianza kusali chini ya mwembe, wakabatizana mtoni, wakawa na mashemasi na mfuko wa sadaka, na cheti cha usajili kilikuja miaka mingi baadae, na siku hati ilipofika hakuna mzee hata mmoja aliyesema leo ndio kanisa limezaliwa. Kwa hiyo nikiulizwa Savannah lilianza lini, jibu langu ni kwamba kanisa lilikuwepo tayari lile asubuhi watu wanne walipotoka majini 1782, limetokana na huduma ya Liele ya toka 1773, na 1788 wengine walilitambua. Marshall mwenyewe alikuja akasikiliza ushuhuda wa watu ambao washachapwa viboko kwa ajili ya kanisa ambalo kwenye karatasi halipo. Wapo wanahistoria wazuri wanaoanza na 1788 kwa sababu wanataka hati, nawaheshimu, lakini ukitaka hati kutoka kwa watu waliokatazwa kuandika utakuwa unamuuliza mwenye shamba habari za aliyelima. Kwenye somo lako andika miaka yote mitatu na ueleze kila mmoja ni mwaka wa nini.

Liele huko Jamaica alilipa deni lake, akapata karatasi za uhuru, akaanza kuhubiri Kingston 1784 akiwa na watu wanne tu waliotoka Marekani. Alikuwa analima na kubeba mizigo kwa farasi na mkokoteni kwa kuwa kanisa la watumwa haliwezi kumlisha mchungaji. Wakajenga kanisa kwenye barabara ya Windward, wakanunua kengele, na sababu ya kengele aliitaja mwenyewe, kwanza kuwaita washirika, lakini zaidi ili matajiri wajue ibada imeanza saa ngapi na kwamba watu wao watarudi kwa wakati. William Carey, mmishenari Mbaptisti wa Uingereza, aliondoka kwenda India 1793, na vitabu vingi vya misheni vinaanzia kwake. Liele alikuwa Jamaica karibu miaka kumi kabla.

Na sasa Mbeya yenu. Mliyofundishwa ya 1956 ni sahihi, wamishenari wa Southern Baptist Convention, jumuiya ya Wabaptisti wa kusini mwa Marekani, ndio walifika Tanganyika na Kenya mwaka ule, na kazi yao ya hospitali na makanisa kwenu mnaijua kuliko mimi. Ila hiyo jumuiya iliundwa 1845, na moja ya sababu kubwa ni kwamba Wabaptisti wa kusini walitaka mwenye kumiliki watumwa aweze kutumwa kuwa mmishenari. Mwaka 1995 jumuiya yenyewe ilitamka kuomba radhi kwa hilo, hadharani. Na unajua iliundwa mji gani? Augusta, Georgia. Ule mji niliokwambia ushike. Kilomita 20 kutoka kijito cha kinu ambapo watu nane wa David George walizamishwa na kuinuliwa. Kwa hiyo mto mmoja umetoa vyote viwili, na vijana wako ambao wamebatizwa kwa utaratibu uliokuja 1956 wana ndugu wakubwa pande zote mbili za ule mto.

David George sijammaliza. Waingereza walimchukua na familia yake mpaka Nova Scotia, Kanada, akaanzisha kanisa Shelburne, akabatiza weusi na wazungu, na 1784 askari walioachishwa jeshi wakabomoa nyumba za watu weusi, yake ikiwemo. Hakuacha. Januari 1792 karibu watu 1,200 weusi walipanda meli 15 Halifax wakaja Sierra Leone kuanzisha Freetown, na David George alikuwemo pamoja na sehemu kubwa ya washirika wake, yaani kanisa lilipanda meli likashuka Afrika likiwa kanisa tayari. Ndilo linalohesabika kuwa kanisa la kwanza la Baptisti katika bara letu, miaka 164 kabla ya 1956, na mchungaji wake ni mweusi aliyejifunza herufi kwa watoto. Anaeleza mwenyewe Jumapili ya kwanza walivyosali: walitandaza tanga la meli juu ya vichwa vyao akahubiri chini yake, wakaendelea hivyo wiki kadhaa, halafu wakachimbia nguzo ardhini, wakapitisha fito juu, wakaezeka kwa nyasi.